Suti, risasi na baridi: mwongozo kamili kwa mzamiaji mpya anayeanzia Mtwara

Ukipanda boti ya wazamiaji inayorudi Mikindani mwezi Julai au Agosti, hukosi kusikia malalamiko mawili kutoka kwa waliopata cheti karibuni. Mmoja anasema chini hakutulia: mara magoti yamegonga matumbawe, mara amejikuta anapanda bila kutaka. Mwingine amejifunika kikoi, midomo imebadilika rangi, anauliza baridi hii imetoka wapi na Mtwara jua linawaka mwaka mzima. Kila mmoja anadhani ana shida yake. Kazi yangu ni kuongoza watu chini ya maji, na wote wawili nawaambia jambo lile lile: ni shida moja, na mara nyingi inaanzia kwenye mkanda wa risasi, yaani vipande vya madini mazito unavyofunga kiunoni ili ushuke.

Suti ya neopreni, aina ya mpira laini, imejaa vipovu vidogo vya gesi. Vipovu hivyo ndivyo vinavyotunza joto lako, na ndivyo hivyo hivyo vinavyokufanya uelee. Ukishuka mita 10, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Ukifika mita 18, kina cha mwisho kwa cheti cha kwanza, unakaribia mara tatu. Vipovu vinabanwa, suti inakuwa nyembamba, unazidi kuzama na unazidi kupoa kwa wakati mmoja. Sasa mwenye risasi nyingi inabidi ajaze hewa kwenye jaketi la kuelea ili asiende chini kabisa. Jaketi likivimba, kifua kinanyanyuka na miguu inaning'inia, kwa hiyo anapiga mapezi kwa nguvu na kuhema. Kila pumzi ni hewa kavu na baridi ya mtungini ambayo mwili unalazimika kuipasha moto. Baridi ikimwingia anahema juu juu, mapafu hayaishi hewa, anaanza kupanda. Mzamio unaofuata anaomba aongezewe risasi.

Kwanza, yajue maji yenyewe

Bahari ya Mtwara na Lindi hufika nyuzi 29 au 30 mwezi Machi, ikashuka hadi karibu nyuzi 25 mwezi Agosti na Septemba. Nyuzi 25 za hewa ni jioni nzuri ya kukaa barazani. Za maji ni habari nyingine, kwa sababu maji huondoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa. Ukikaa humo dakika 45 utapoa, hata kama hujatetemeka.

Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Oktoba, na Juni hadi Agosti huwa kali. Hapo baridi inayowamaliza watu iko juu ya boti zaidi kuliko majini: upepo unapuliza suti iliyolowa, maji yanakauka yakiondoka na joto lako. Kaskazi huleta bahari ya joto, ila mvua zikishika, Mto Ruvuma unamwaga tope upande wa Msimbati na huoni mbali. Kama una uhuru wa kuchagua, anza Oktoba au Novemba, kusi likishalegea na mvua hazijachanganya.

Halafu kuna bamvua, siku za maji makubwa, na maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote hayo lazima yapite kwenye mikondo ya kuingilia ghuba za Mikindani na Mnazi. Mzamiaji ambaye bado anahangaika na jaketi hana kazi kwenye mkondo wa bamvua. Panga mzamio siku za maji mafu, mwishoni mwa kujaa, maji ya bahari kuu yakiwa yameingia na yametulia. Nahodha yeyote wa Msimbati anajua saa hiyo bila kutazama simu. Mwulize, na akisema leo siyo, usibishane naye.

Jambo la mwisho kuhusu mahali. Miamba ya nje ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ni mizuri sana, lakini baadhi yake inaporomoka kama ukuta hadi kina ambacho hutakiona. Ukizama hapo hakuna mchanga wa kukupokea. Mizamio ya kwanza ifanyie kwenye mchanga wa mita 6 hadi 8, ndipo ukaone ukuta. Ukiingia hifadhini lipa ada yako kabla, na matumbawe usiyashike, hata kwa kidole kimoja cha kujishikiza.

Pima uzito wako, usiazime wa mtu

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, maana ukipatia hapa mengine yanakuja yenyewe.

Mazungumzo ya kwenye boti huwa hivi:

"Mwalimu, niongezee mbili, mimi huwa sishuki."

"Ulikosomea ulivaa kilo ngapi, dada?"

"Nane."

"Na suti ya milimita ngapi? Mtungi wa alumini au wa chuma?"

Anamtazama mwenzake. Hakumbuki. Namwomba aingie majini na kilo sita, ashike kamba ya boti, atoe hewa yote kwenye jaketi. Anaelea kweli. Lakini mtazame miguu: mapezi yanapiga polepole, kidogo tu, kama anayejituliza. Yeye hajui kwamba anapiga. Tena kifua kimejaa, amevuta pumzi akaishikilia. "Funga miguu, moja juu ya nyingine. Sasa toa pumzi, endelea, endelea, bado ipo, toa." Maji yanafika kwenye kidevu, yanapita miwani, anatoweka. Na kilo sita.

Wengi wanaosema hawashuki wako hivyo. Uzito wanao, ila wanajisukuma juu kwa miguu na kujiinua kwa mapafu. Kati ya kujaza mapafu kabisa na kuyatoa kabisa kuna tofauti ya lita kama 4, ambayo ni sawa na kubeba au kutua karibu kilo 4. Hakuna mkanda utakaoshindana na hilo.

Upimaji wenyewe unafanywa mahali ambapo huwezi kusimama, ukiwa umevaa kila kitu utakachozamia nacho. Weka regyuleta, kifaa cha kupumulia, mdomoni. Toa hewa yote kwenye jaketi, mpira wake wa kutolea hewa ukiwa umeinuliwa juu na bega la kushoto limepanda ili hewa isijifiche nyuma. Vuta pumzi ya kawaida, ishikilie kidogo, kaa wima, miguu imefungwa. Uzito ukiwa sawa, maji yatakufika usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame taratibu. Ukizama kama jiwe ukiwa bado umeshika pumzi, punguza kilo moja, rudia. Kichwa kizima kikiwa nje, ongeza moja. Ukikaribia, tumia nusu kilo. Kushika pumzi huku ni kwa kipimo cha juu ya maji pekee. Ukishazama, kamwe usishike pumzi, na hasa ukiwa unapanda.

Kuna hesabu moja ambayo wengi huisahau: hewa ina uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11 uliojazwa bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) una hewa ya kilo kama 2.6. Ukirudi na bari 50 umeshapumua takriban kilo 2 za hiyo, na mtungi wa alumini ukiwa karibu mtupu unaelea. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni cha mwisho wa mzamio, geji ikisoma bari 50. Ukipima mwanzoni na mtungi umejaa, ongeza kilo 2 juu ya ulichopata. Ukiacha hesabu hii, mwanzo utajisifu umepatia, na mwisho utaning'inia mita 5 kutoka juu ukipambana usipande. Mtungi wa chuma huendelea kuzama hata ukiisha, kwa hiyo risasi zinapungua. Usihamishe namba ya mtungi mmoja kwenda mwingine.

Ukitaka pa kuanzia: suti ya milimita 3 kwenye bahari yetu, jaribu asilimia 5 ya uzito wako, ya milimita 5, jaribu asilimia 10. Mtu wa kilo 70 ataanza na kilo 3.5 au 7. Ni makadirio tu. Mwenye misuli huzama zaidi ya mwenye mafuta, na suti mpya huelea kuliko ile iliyochoka. Risasi zigawe kushoto na kulia sawasawa, na hakikisha kifungo cha mkanda unaweza kukifungua kwa mkono mmoja bila kutazama.

Kushuka bila kukimbilia chini

Shuka miguu ikitangulia, ukitazamana na mwenzako, karibu na kamba ya nanga kama ipo. Toa hewa kwenye jaketi kidogo kidogo na utoe pumzi ndefu. Mita mbili za mwanzo ndizo zinazogoma. Ukizivuka suti inaanza kubanwa na wewe unaanza kushuka kwa kasi, kwa hiyo mara tu masikio yanapokuambia umeondoka juu, weka hewa kidogo kwenye jaketi, bonyezo moja fupi, subiri, lingine. Masikio yafungue, kwa kubana pua na kupuliza taratibu, kabla hayajauma. Yakiuma panda nusu mita, usilazimishe.

Anayeshuka hadi mchanga ndipo akumbuke jaketi huwa amechelewa: anatua kwa kishindo, anatimua mchanga, na wanaofuata hawaoni kitu.

Pumzi ndiyo usukani

Jaketi linarekebisha kina, mapafu yanarekebisha sentimita. Ukifika mita 6 au 8, lala kifudifudi juu ya mchanga, ncha za mapezi ziguse chini, ongeza hewa kwa mabonyezo mafupi hadi ukivuta pumzi kifua kinyanyuke polepole na ukitoa kishuke. Hapo acha jaketi. Usiliguse tena mpaka ubadilishe kina.

Sasa jifunze kusubiri. Ukivuta pumzi hupandi papo hapo. Mwili unachukua sekunde moja mbili kuitika. Mgeni akiona hajapanda, anabonyeza hewa. Ikiitika pumzi na hewa ya jaketi kwa pamoja, anafyatuka. Anaogopa, anaitoa yote, anaanguka. Vuta, subiri, tazama kitu kisichosogea mbele yako, toa, subiri. Tafuta mdundo wa kuvuta kwa utulivu na kutoa kwa muda mrefu zaidi, bila kukata pumzi katikati.

Ukitulia hapo, nyanyua mapezi yasiguse mchanga, kunja magoti kidogo, mikono mbele ya kifua, ukae ukielea dakika nzima bila kupiga miguu. Miguu ikizama, hamisha kilo moja kutoka kiunoni uiweke juu kwenye mkanda wa mtungi. Ukipinduka upande mmoja, risasi hazijagawanyika. Hili zoezi linachosha akili na halina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, ndiyo maana watu huliruka wakakimbilia ukutani. Mizamio miwili au mitatu ya kwanza ikitumika hivi si hasara.

Ukutani, fuata kompyuta ya kuzamia, ile inayoonyesha kina na muda, wala si macho. Maji yakiwa safi, mita 15 na mita 25 zinafanana. Tazama kina kila baada ya pumzi chache, kaa upande wa juu wa kiongozi wako, kamwe si chini yake. Kila mita 2 au 3 unazoshuka, suti inabanwa zaidi, weka bonyezo moja. Ukipanda fanya kinyume: toa kabla hujahisi unavutwa juu. Ukiona mapovu yako yanashuka badala ya kupanda, umeingia kwenye mkondo unaosukuma chini. Ondoka mshazari mbali na ukuta, ongeza hewa kwenye jaketi, na ukishatoka uwe tayari kuitoa.

Baridi, kabla haijakukamata

Suti ya milimita 3 inatosha kwa wengi kaskazi. Wakati wa kusi, kwa mizamio miwili kwa siku, mimi ningevaa 5 ya mwili mzima, na mwembamba aongeze kofia ya neopreni. Kumbuka ukihamia kwenye 5 unapima uzito upya.

Suti kubwa ni mbaya kuliko nyembamba. Maji machache yanayonaswa kati ya ngozi na neopreni mwili huyapasha mara moja, lakini yakibadilika kila unapogeuka, unapasha maji mapya mzamio mzima. Shika shingoni na kiunoni kwa nyuma: ukipata mfuko wa hewa pale, omba saizi nyingine hata kama zipu inapanda kwa shida. Suti ya kukodi iliyochakaa magotini vipovu vyake vimeshakufa. Itaelea kidogo na kukupasha joto kidogo. Mwenye vifaa akisema zote ni sawa, usimwamini.

Asubuhi kula. Uji wa moto, muhogo, chapati, chochote kinachokaa tumboni bila kukusumbua kwenye mawimbi, na mfuko wa korosho kwa ajili ya katikati ya mizamio. Maji kunywa kweli. Baridi na mgandamizo vinakufanya ukojoe zaidi, na mwili mkavu unaongeza hatari ya ugonjwa wa mgandamizo, pale naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini inapotoka kama vipovu. Msimu wa mabibo najua uraka unatembea, lakini usiku wa kuamkia kuzamia uache. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku unalipoteza, na inakukausha.

Chini ya maji, dalili za mwanzo si kutetemeka. Ni geji kushuka haraka kuliko kawaida, vidole kuwa vizito kwenye bonyezo la jaketi, na kujikuta huna hamu na samaki aliye mbele yako. Mwonyeshe mwenzako: mikono imekatana kifuani, unajisugua mabega. Anza kurudi hapo hapo. Ukisubiri meno yagongane umechelewa, kwa sababu bado una dakika 3 za kusimama mita 5 ili mwili utoe naitrojeni, na mtu anayetetemeka hawezi kukaa mita 5. Isitoshe, mwili uliopoa mwishoni mwa mzamio hutoa naitrojeni kwa shida, na hatari inapanda wakati ule ule unapoelekea juu.

Kwenye boti vua suti ya juu upesi, jikaushe, vaa koti la mvua juu ya nguo kavu. Koti linazuia upepo, na upepo ndiyo adui. Kofia kichwani. Chai ya tangawizi kwenye chupa ni haki yako, idai. Kabla ya mzamio wa pili jiulize kama umeshapata joto, kutotetemeka hakutoshi. Joto lililopotea kwanza halirudi lote ndani ya saa moja, kwa hiyo wa pili uwe mfupi na wa kina kidogo. Na hakuna aibu kubaki na baharia mkipiga soga.

Kupanda

Ukianza kupanda, mkono wa kushoto uko kwenye mpira wa jaketi, umeinuliwa. Kasi isizidi mita 9 kwa dakika. Fuata kompyuta, na usipite vipovu vyako vidogo. Mita 10 za mwisho ndizo zenye vita, maana hewa ya jaketi inaongezeka mara mbili kati ya hapo na juu. Toa kidogo, mapema, mara nyingi. Mita 5 simama dakika 3, uangalie juu kama hakuna boti, inua puto la ishara kabla hujatokea. Jaketi likiwa tupu kabisa hapo mita 5, una bari 50, na bado unaelea bila kuvutwa juu wala chini, risasi zako ni sahihi.

Kama siku hiyo umezamia mara moja, subiri muda wa saa 12 kabla ya kupanda ndege. Ukizamia mara kadhaa, muda wa saa 18. Wasafiri wa Dar wanalijua hilo. Wanaolisahau ni wa nyumbani: Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka majini saa 8 mchana ukapanda gari kwenda Newala jioni hiyo, hatari ni ya aina ile ile ya ndege. Lala Mtwara. Na kabla ya siku ya kwanza waulize waliokupeleka kama boti ina oksijeni na kama wanajua chemba ya mgandamizo, anakotibiwa mwenye ugonjwa huo, iliyo karibu inayofanya kazi. Wakijikanyaga kwenye jibu, tafuta wengine.

Ukitoka kwenye maji haya

Daftari la mzamiaji watu hujaza majina ya samaki. Jaza hivi pia: suti na unene wake, mtungi wa aina gani, kilo ngapi, nyuzi ngapi chini, bari uliyorudi nayo, na kama ulikuwa mzito au mwepesi pale mita 5. Hizo namba ndizo utakazozihitaji ukienda kwingine.

Ukienda Ziwa Nyasa, tuseme Mbamba Bay, maji ni matamu na yanakuelesha kidogo kuliko ya chumvi. Ukijumlisha wewe na vifaa mkafika kilo 100, utapunguza kama kilo 2.5 za risasi. Ziwa liko karibu mita 470 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kompyuta iwekwe kwa mwinuko. Vipimo vya kina na muda ulivyozoea pwani havitumiki vile vile.

Cape Town ni shule nyingine. Upande wa Atlantic maji hushuka chini ya nyuzi 12. Utavaa milimita 7, kofia, glavu na buti, au suti kavu, isiyoingiza maji, ambayo ina mafunzo yake, na risasi zitapita kilo 10. Uso ukigusa maji hayo pumzi inakatika, unavuta kwa kushtuka bila kupenda. Lowesha uso kwanza, kaa juu ukishika kamba hadi pumzi irudi mahali pake, ndipo ushuke. Omba regyuleta ya maji baridi. Ya kawaida inaweza kuganda na kumwaga hewa mfululizo. Usiipumulie nje ya maji wakati wa kusubiri, na usijaze jaketi huku unavuta pumzi. Glavu nene zinafanya vidole visisikie bonyezo, kwa hiyo fanya mazoezi ya kujaza na kutoa ukiwa bado umesimama kwenye boti, miwani ikiwa imezibwa kwa kitambaa, mpaka mkono uende wenyewe.